Fidia ya mkuza wa umeme Kinyerezi, nisaini au nigome?

Mpambanaji_K: Wakuu habari za muda huu. Nyumba yetu huku Kinyerezi imepitiwa na mkuza wa umeme mkubwa, yaani eneo la kupitisha nyaya, wathamini walikuja wakahesabu mpaka minazi, juzi naitwa ofisi ya mtaa naonyeshwa hela ambayo hata Chanika sipati kiwanja cha maana. Wanataka nisaini wiki hii. Nikigoma wananibomolea bure? Usingizi siupati.

Mama Shani: Pole mdogo wangu. Sisi Mbagala ilipita barabara, mume wangu akapokea hela mwenyewe, mpaka leo sijui ilienda wapi. Wanaume nyie!

Wakili_Mtaani: Kugoma hakuzuii mradi, ardhi wanaichukua kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, wewe unachogombea ni kiasi. Omba mchanganuo kwa maandishi: ardhi, nyumba, mazao, usumbufu, usafiri, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36. Watu wanapunjwa kwenye posho maana wanaangalia jumla tu. Na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, ikipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe hujalipwa, riba inaanza. Sasa, umesema nyumba "yetu". Siku wathamini wanapiga picha, kibao cha namba ya mlipwaji alishika nani?

Mpambanaji_K: Mimi. Si ndio naishi hapo?

Wakili_Mtaani: Karatasi ya mauziano ina jina la nani?

Mpambanaji_K: La marehemu mzee. Mirathi hatujafungua. Dada zangu wawili wako Tanga, hawajui bado, nilitaka hela itoke kwanza ndio niwaambie maana vikao vya ukoo haviishi. Na jamani mzee nimemuuguza mimi, paa nimebadilisha mimi, halafu nimeshatoa advansi ya kiwanja Mvuti.

Dogo_Temeke: Advansi tena 😂 kumbe ushauri ulishajipa!

Mzee Kondo: Kijana, mali ya marehemu ina wenyewe. Dada zako wana fungu lao, paa si hoja.

Jicho_Kali: Mi naona hii chai, stori ya kutunga. Mtaa gani mthamini anaandika jina bila mwenyekiti kuuliza mwenye mali?

Mpambanaji_K: Chai ya nini mkuu? Mwenyekiti alikuwepo, ananijua tangu mdogo, yeye ndiye alisema andikeni huyu. Dole gumba nililoweka kwenye fomu lilikaa na wino mpaka jioni.

Jicho_Kali: Basi na mwenyekiti ana kesi.

Wakili_Mtaani: Chai au si chai, wapo wengi wa hivi wanasoma hapa. Nenda mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, jina la mlipwaji libadilishwe kabla hela haijatoka.

Mpambanaji_K: Huo muhtasari lazima dada wasaini wenyewe au nikiorodhesha majina yao inatosha?

Wakili_Mtaani: Wasaini wenyewe. Na mahakama inatoa tangazo, yeyote anaweza kuweka pingamizi.