Wanafunzi wa chuo wanasoma ila hawaelewi, mnawafundishaje?

mwl_wa_jioni
Habari zenu wakuu. Nafundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza na kinachonitoa jasho ni kusoma. Unampa mtu chapta, anairudisha imepakwa njano mwanzo mwisho, ukimwambia haya funga uniambie mwandishi anadai nini, kimya. SQ3R (ile mbinu ya kusoma kwa hatua: pitia juu juu, jiulize maswali, soma, jisemee ulichosoma, pitia tena) nilishawapa, kwenye mtihani wakataja hatua zote tano bila kukosea, alafu wakikaa kusoma ni yale yale. Hivi hizi mbinu zinafundishika kweli kwa mtu mzima au ndo aje nazo toka shule?

kalamu2
Zinafundishika, ila sio kwa lekcha. Hiyo SQ3R ya Robinson ipo toka 1946 na hadi leo watu wanaikariri badala ya kuitumia. Mi siku hizi majina ya mbinu siyataji kabisa, naingia na makala ambayo hata mimi sijaisoma, naiweka kwenye projekta nasoma kwa sauti huku nasema kila ninachowaza, mfano "hapa kaandika hata hivyo, nahisi anataka kumgeuka yule wa aya ya juu", au "hii sentensi imenipita, narudi". Wanashangaa sana kuona mwalimu anarudia sentensi! Wengi wanaamini anayejua kusoma hakwami, kwaiyo wao wakikwama wanajiona hawana akili wanaruka mbele. Ukimaliza wape wafanye wawili wawili, mmoja asome hivyo hivyo kwa sauti, mwenzie aandike pale anapokwama.

Bi_Maktaba
Naunga mkono, ila mwalimu hiyo kalamu ya njano usiiache hivi hivi, maana anayepaka mwisho wa siku anarudia tu kusoma alipopaka. Roediger na Karpicke 2006 walijaribu, wanafunzi wa chuo hawa hawa, wengine wakasoma kifungu tena, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakawa juu, baada ya wiki wakapitwa. Kwaiyo mwanafunzi akikwambia kurudia kunamsaidia hakudanganyi, ndo anavyojisikia muda ule. Mi mwisho wa kipindi ni funga kila kitu andika ulichoelewa, kisha fungua ujazie kwa kalamu ya rangi nyingine, pengo lake analiona mwenyewe. Maksi sitoi, ukitoa tu wanaanza kunakiliana.

mzee_wa_data
Ngoja niwaharibie kidogo. Mnachokiita mbinu, sehemu kubwa ni kulijua somo lenyewe. Recht na Leslie 1988 waliwapa wanafunzi wa shule habari ya mechi ya besiboli, waliokuwa dhaifu kwenye kusoma lakini mchezo wanaujua wakakumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Sasa we unachukua makala ya jumla jumla isiyohusu kozi yao hata moja, mtu anajifunza nini hapo? Kaombe chapta kwa mwalimu wao wa uchumi au biolojia, mpitie kwanza yale maneno ambayo bila hayo hatoki ukurasa wa kwanza, ndo hizo mbinu zifuate.

mwl_wa_jioni
Asanteni, hiyo ya kuomba chapta nimeipenda. Ila darasa langu limejaa hadi mlangoni, nikiwaweka wawili wawili zile kelele ntaziweza kweli?

kalamu2
@mzee_wa_data sikupingi, ila hata anayelijua somo anaweza kusoma kurasa nzima asijue kama kaelewa au la, na kwa hilo besiboli haitamsaidia 😄
@mwl_wa_jioni weka wanne wanne. Watafiti Palincsar na Brown 1984 wana kazi nne za kugawana kwenye kundi, kila mtu yake: kubashiri kinachofuata, kuuliza maswali, kufafanua palipogoma, kufupisha. Wao walianza na wanafunzi wa shule lakini hata chuoni inakubali. Kazi zizunguke kila aya chache, la sivyo yule muongeaji anang'ang'ania kufupisha wengine wanachati. Kelele zitakuwepo, we zunguka usikilize, wakiwa wanabishana kuhusu aya waache.

Bi_Maktaba
Na anayefupisha asiruhusiwe kuangalia kitabu.