Mwenye chumba amenizimia umeme, mteja ameondoka Moshi na 58 mkononi

Wakuu, naandika haya nikiwa bado nimevaa glovu moja, kwa sababu hasira niliyonayo haijaniruhusu kuvua ya pili. Simtaji jina, wala hakuna haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kukodi kiti, meza au kona ya fremu kati ya Soko la Mbuyuni na Double Road anamjua: ni yule mwenye funguo nyingi kiunoni, zinazosikika kabla yeye hajaonekana, ambaye hata nzi akitua ukutani kwake anadaiwa kodi ya mwezi.

Leo, saa tisa mchana, mtu huyo amenizimia umeme sindano ya tatuu ikiwa ndani ya ngozi ya mteja.

Mteja mwenyewe ni kijana kutoka Uholanzi ambaye jana aliteremka Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, midomo imepasuka kwa baridi na pua imebabuka kwa jua, na alichokitaka ni tarakimu nne tu kwenye mkono, upande wa ndani: 5895, mita za kilele cha Uhuru, ambazo amezipanda kwa miguu yake mwenyewe. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa KIA lilikuwa linakuja saa tisa na nusu. Nilikuwa nimemaliza 5, nimemaliza 8, nikafuta wino, nikachovya sindano, nikagusa mwanzo wa 9, na hapo mashine ikanyamaza mkononi mwangu. Nilidhani ni TANESCO. Kisha nikasikia redio ya vinyozi, ng'ambo ya pazia, ikiendelea na taarabu yake kana kwamba hakuna kilichotokea, nikajua kwamba giza lile ni la chumba changu peke yangu.

Nilipotoka nilimkuta amesimama kwenye boksi la swichi, kidole bado kiko juu, akaniambia mbele ya vinyozi wote na wateja wao kwamba mteja wa dola si sawa na mteja wa shilingi, kwa hiyo nilete asilimia 40 kwanza ndipo awashe. Mimi nalipa 150,000 kwa mwezi. Nilimlipa miezi sita kwa mkupuo, shilingi 900,000 taslimu, akazihesabu mara tatu huku akilowesha kidole kwa mate, na hata miezi miwili haijaisha. LUKU tunachangia nusu kwa nusu, na uniti za wiki hii nimezinunua mimi. Neno asilimia halipo popote kwenye ile karatasi ya daftari aliyoniandikia. Nilipomwambia hivyo akajibu kwamba mimi si fundi, kwamba kazi yangu ni kuchafua ngozi za watoto wa watu, na kwamba nishukuru kupewa hata kona.

Tulibishana kwa nusu saa, wakuu, mteja amekaa gizani ameshika mkono wake. Wasioijua kazi hii waelewe kwamba sindano hushuka kama milimita 1 hadi 2 chini ya ngozi, hivyo tatuu mbichi ni kidonda, na kidonda hicho kilikuwa wazi huku vumbi la nywele za saluni likiingia chini ya pazia. Zile 9 na 5 zilikuwa bado ni alama za zambarau za karatasi ya kuhamishia mchoro, ambazo sabuni na maji huziondoa. Gari likapiga honi. Nikamwosha, nikamfunga nailoni, na tarakimu mbili zikaondoka na maji mbele ya macho yangu. Yule kijana amepanda mlima mrefu kuliko yote Afrika, na anarudi kwao na 58.

Mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa nayo ilikatikia njiani, na kwa kuwa vifaa lazima vikae kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15 bila kukatizwa, kila kilichokuwamo kinaanza upya. Wiki iliyopita kijana wa huyo mwenye chumba alifungua pakiti tano za sindano zangu ili aone zilivyo, na sindano iliyofunguliwa hewani hairudi kwenye ngozi ya mtu, nikazitupa zote tano. Hilo nilinyamazia. La leo siwezi, kwa sababu nikifumba macho naiona 58.

KINYOZI WA MAJENGO: Pole sana dada. Huyo namjua vizuri mno. Mimi kwake nilikuwa nampa nusu ya kila kichwa, na bado jioni alikuwa ananikata hela ya maji ya kufulia taulo, taulo zenyewe nimenunua mimi.

BABU WA RAU: Kijana akiwa na miaka 30, avumilie miaka 28 tu, tatuu itakuwa imesema kweli. Halafu wewe mchoraji, mashine za betri zipo siku hizi, kwa nini ulikuwa unategemea ukuta wa mtu?

MWANZISHA UZI: Babu, shikamoo. Mashine ya betri sina kwa sababu fedha ambayo ningeinunulia ndiyo ile 900,000 aliyoihesabu kwa mate. Na nakuomba usiifanyie mzaha ile 58, kwani mtu amelipia mlima mzima.

CHEREHANI YA SOWETO: Angalau wewe umezimiwa umeme ukiwa ndani. Mimi fremu niliikuta na sakafu ya vumbi, nikaiwekea vigae kwa fedha yangu, nikapaka rangi, nikaweka mlango wa kioo, na mwezi uliofuata mwenye nyumba akapandisha kodi kwa maelezo kwamba sasa fremu ni nzuri.

MCHORAJI WA SAKINA: Watu wa Moshi mnalia na miezi sita? Njooni huku Arusha, karibu na Mnara wa Saa, mdaiwe mwaka mzima kabla hamjaingiza hata kiti, na dalali achukue kodi ya mwezi mmoja juu yake.

KINYOZI WA MAJENGO: Dalali wa mwezi mmoja ni nafuu. Wa kwetu anataka 10,000 ya kukuonyesha chumba, hata ukikikataa, na vyumba vitatu alivyonionyesha vilikuwa na watu ndani.

MWANZISHA UZI: Wakuu, naomba turudi kwenye 58.

CHEREHANI YA SOWETO: Kinyozi, huyo dalali ni yule mwenye bodaboda nyekundu, anayekaa pale stendi? Alichukua 10,000 yangu akanipeleka kwenye fremu ambayo mwenyewe ameshafariki na warithi wana kesi.

KINYOZI WA MAJENGO: Huyo huyo. Mimi hiyo ya warithi ndiyo ilikuwa chumba cha pili.

BABU WA RAU: Na mimi alinipeleka hapo hapo, mwaka juzi.