Mrejesho: Ramani ya Milima ya Chyulu isiyo na mito

Ndugu zangu, nilipouliza kwa nini ramani yangu ya Milima ya Chyulu, kule Kenya, imejaa mistari ya kontua (ile inayoonyesha urefu wa ardhi) lakini haina mto hata mmoja, nilidhani mchoraji amekosea. Nawashukuru mlionielekeza niufuate mteremko upande wa kusini, kwani jibu nimelipata: miamba ile ya volkano hunywa mvua, maji yakapita chini kwa chini hadi yakaibuka katika chemchemi za Mzima, ambako ndiko mstari wa buluu unakoanzia, ukaingia mto Tsavo, kisha Galana, ambao sisi wa Malindi tunauita Sabaki. Miaka yote niliamini kwamba maji ya Sabaki hutoka mto Athi peke yake! Sasa natafuta karatasi ya ramani ya Tsavo, niuunganishe mstari huo mpaka baharini.