Mjadala: Yadi za magari ya zamani Mtwara na Lindi zitengewe eneo, au zipishe viwanja?

Mwanzisha mada:

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulizungumze hili wakati bado kuna cha kuzungumzia.

Tangu habari za gesi zipandishe bei ya ardhi Mtwara, yadi za magari ya zamani zinaondoka moja baada ya nyingine. Mwenye eneo anapata mnunuzi, fundi aliyekodi anapewa mwezi mmoja, kisha watu wa skrepa, yaani wanunuzi wa chuma chakavu, wanaingia na mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Siku chache baadaye Land Rover 109, malori ya Bedford na matrekta yaliyoegeshwa pale tangu baba zetu wakiwa vijana yako juu ya lori, vipande vipande, safari ya Dar. Lindi nako ni hivyohivyo: kila mradi wa gesi wa Likong'o unapotajwa, madalali wa viwanja hawalali.

Msimamo wangu ni huu. Manispaa na halmashauri zetu zitenge eneo la kudumu la yadi na gereji kwenye ramani za mipango miji, na yadi yoyote isikatwe kabla vilivyomo havijaorodheshwa na mtu anayeyajua magari. Sipingi nyumba wala viwanda. Ninachopinga ni kufuta kitu ambacho hakuna aliyekiangalia.

Kwa nini kusini kulibaki na vyuma vingi hivi? Waliokuwa watu wazima kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanajua. Masika yakianza, njia ya Kibiti kuja huku ilikuwa ndiyo basi tena. Watu walilala Rufiji wakisubiri kivuko, malori yalizama kwenye tope hadi ekseli. Ukihitaji spea Mtwara, haikutoka Dar, ilitoka kwenye gari lililokufa. Ndiyo maana gari likifa halikutupwa. Giaboksi yake ilikwenda Newala, difu (gia za ekseli ya nyuma) ikaenda Masasi, vioo vikaenda kwa jirani, na bodi ikabaki yadini ikisubiri atakayehitaji mlango.

Kuupeleka mzoga Dar kama chuma chakavu kulikuwa hakulipi, kwa sababu safari ni zaidi ya kilomita 500 na gharama ya lori ilimeza bei ya chuma. Sasa lami imefika. Malori yanayoleta bidhaa hayataki kurudi matupu, na mzoga uliokuwa hauna thamani umepata mnunuzi. Barabara tuliyoililia miaka yote ndiyo inayoyaondoa magari haya. Siilaumu barabara, lakini imetukuta hatujajipanga.

Naomba michango, hasa ya mafundi na ya wanaoishi jirani na yadi.

Mkazi wa Magomeni, Mtwara:

Mimi ni jirani wa yadi, nimeishi nayo tangu nilipoolewa, kwa hiyo nisikilizeni. Mvua ikinyesha, matairi yanajaa maji na mbu hawahesabiki. Wataalamu wa afya wanatuambia kila mwaka kwamba mbu wa dengi anapenda maji kama hayo, yaliyotuama kwenye matairi na makopo. Oili chafu inamwagwa chini. Betri zinapasuliwa kutolewa madini ya risasi na watoto wanacheza hapohapo. Nyie mnaoziita historia, mnakaa mbali nazo. Siku yadi yetu ikiondoka nitafanya maulidi.

Mwanzisha mada:

Dada, hayo yote ni kweli na sitayapunguza hata moja. Ila angalia kinachotokea yadi inapofukuzwa bila kupewa pa kwenda. Fundi haachi kazi, anahamia pembeni ya barabara au nyuma ya nyumba ya kupanga, inakuwa gereji bubu, isiyo rasmi. Zile betri zilizokuwa mahali pamoja sasa ziko kwenye nyua kumi, na afisa afya hajui aanzie wapi. Eneo rasmi lenye sakafu ya zege, pipa la oili chafu na paa la kufunika matairi linaweza kukaguliwa. Mimi na wewe tunataka kitu kimoja: yadi isiwe dirishani pako.

Mwalimu, Nachingwea:

Niongeze upande wa historia, maana vijana wengi wanadhani ni kutu tu.

Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu ya Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Waliingiza mashine kwa wingi, nyingi zikiwa masalia ya Vita vya Pili vya Dunia. Walichukua hata vifaru vya Sherman, vikageuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na serikali yao ikafuta deni la pauni milioni 36. Kwa ajili ya karanga hizohizo ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Leo nikiwaambia wanafunzi kwamba treni ilifika hapa, wananitazama kwa mashaka, kwa sababu hakuna chuma cha kuwaonyesha.

Baadaye wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji. FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapahapa Nachingwea. Watu, chakula na silaha vilikwenda mpakani kwa malori, na malori yale yalikuwa na mwisho wake mahali fulani. Nani aliwahi kupita kwenye yadi zetu akasoma namba za chesesi? Tukiyakata yote, kizazi kijacho kitasoma mambo haya kwenye karatasi zilizoandikwa na wengine.

Mrithi wa eneo, Mikindani:

Naheshimu michango yenu. Lakini kiwanja ni cha marehemu baba yetu, tuko ndugu sita, na wawili wana watoto chuoni. Fundi analipa kodi ya eneo ambayo haitoshi hata karo ya mtoto mmoja. Nimepata mnunuzi anayejenga nyumba za kupangisha. Mnataka nimwambie mama yangu kwamba tusubiri kwa sababu ya Bedford? Kama ni mali ya taifa, taifa linunue. Kwenye hii nchi kila kitu kizee kinakuwa urithi pale tu mwenyewe anapotaka kuuza.

Mchangiaji, Lindi mjini:

Namuunga mkono mrithi. Na kama kuna atakayeleta mifano ya nje, aniwie radhi. Najua kule Marekani, jimbo la Georgia, kuna Old Car City, ekari 34 na magari zaidi ya 4,000, watu wanalipa kiingilio kupiga picha. Wana watalii na wana pesa. Lakini Ubelgiji nao walikuwa na magari mabovu maarufu katika msitu wa Châtillon, na yakaja kuondolewa yote kwa sababu ya mazingira. Wenzetu wenyewe hawajakubaliana. Sisi mtalii wetu wa Kilwa hafiki hata Lindi, atakuja kuangalia kutu?

Mwanzisha mada:

Mkuu, mimi sikumtaja mtalii hata mara moja. Wateja wa yadi zetu ni mkulima wa Tandahimba ambaye gari lake limekufa katikati ya msimu wa korosho, na mhunzi anayetaka springi ya lori atengeneze panga au tezo ya mchonga vinyago. Chuma cha springi ni kizuri kwa makali, kila mhunzi anakijua. Yadi ikiondoka, huyo anapanda basi kwenda Dar.

Kwa upande wa urithi, tatizo liko kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na imetaja waziwazi milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, jambo ambalo nyumba za Mikindani zinafaidika nalo. Gari la Karl Benz lilipata hataza mwaka 1886. Maana yake hakuna gari hata moja la yadi zetu linaloingia kwenye ulinzi huo kwa umri wake. Ni lazima waziri alitangaze, na waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakipo kwenye orodha yoyote. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam inatunza magari ya zamani, yakiwemo aliyotumia Mwalimu Nyerere. Kwa hiyo nchi imeshakubali kwamba gari linaweza kuwa kumbukumbu. La kusini tu ndilo halijawahi kuulizwa.

Kaka mrithi, wewe nakuelewa, na sitaki usubiri miaka. Uza. Naomba miezi mitatu kati ya makubaliano na kukata.

Fundi, Mtwara:

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye ninayezungumziwa hapa, nipo yadini.

Watu wanasema fundi atalipwa fidia. Njomba, fidia ya nani? Eneo likiuzwa kati ya mtu na mtu, mpangaji hana chake, anafungasha. Hata serikali ikilichukua yenyewe, nilisomewa kanuni za fidia za mwaka 2001. Posho ya usafiri ni ya kubeba tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Land Rover moja tupu ni kama tani moja na nusu. Nane zimeshamaliza posho, na sijagusa lori. Faida ya biashara unalipwa ya miezi 36, lakini wanaweza kukudai hesabu zilizokaguliwa. Mimi hesabu zangu ziko kwenye daftari la shule, na nyingine ziko kichwani.

Mtu wa skrepa ananunua kwa kilo. Kwake difu nzima na bawaba ya mlango vina bei moja. Mimi nikiuza ile difu kwa mwenye shida nayo napata mara nyingi ya hapo, ila nahitaji muda, na muda ndio sina. Hayo ndiyo yanayonifanya nikubali bei yake huku naumia.

Mama wa Magomeni amesema kweli kuhusu betri. Nipewe eneo lenye zege, nitakaguliwa kila wiki na sitalalamika.

Mrithi wa eneo, Mikindani:

Fundi umenigusa. Miezi mitatu naweza kuongea na mnunuzi, lakini iandikwe kwenye mkataba, na atakayekuja kuorodhesha asije kunidai posho mimi. Na kodi ya miezi hiyo italipwa?

Fundi, Mtwara:

Kodi nitalipa, nikiuza difu mbili imetoka. Orodha naanza mwenyewe: Land Rover nane, Bedford mbili moja haina injini, trekta la Massey Ferguson, na tela ambalo sijui lilikotoka. Namba za chesesi nyingine zimeliwa na kutu, nitazipiga msasa. Mwalimu wa Nachingwea, ukipata nafasi njoo uniangalizie lile tela. Nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.