MREJESHO: Kwa nini binti yangu hana alama za chesi

Wakuu, niliuliza kwa nini binti yangu kacheza mashindano hapa Moshi lakini FIDE (shirikisho la chesi la dunia) hawampi alama, yaani ile namba ya kuonyesha uwezo wa mchezaji. Asanteni sana, nimeelewa.

Tangu Machi 2024 kiwango cha chini cha alama za FIDE ni 1400, zamani kilikuwa 1000. Hesabu ikitoka chini ya hapo, huandikwi kabisa. Na mchezaji mpya asiye na alama akipoteza michezo yote ya shindano lake la kwanza, hayo matokeo hayahesabiwi. Kwa mtoto naona inaumiza. Alama za shirikisho la chesi la Marekani zinashuka mpaka 100, hivyo hata anayeanza anajiona akipanda.

Jumamosi kamfungia kaka yake mfalme pembeni mwa ubao kwa kete mbili za ngome, safi kabisa! Mwalimu wao sasa anawatunzia alama za ndani kwenye daftari.