MBA au CPA? Naombeni ushauri, niko Mbeya

Soweto_Mbeya: Wakuu, habari za jioni. Akiba yangu inatosha kuanza kitu kimoja tu. Niombe MBA (shahada ya uzamili ya biashara) hapa Chuo Kikuu Mzumbe, Ndaki ya Mbeya, au nifanye mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, nitafute CPA, yaani sifa ya mhasibu wa kitaalamu? Nataka kuamua mwezi huu.

Mama_Ipogolo: Hujasema digrii yako ni ya nini wala unafanya kazi gani. Tukushauri nini sasa? Kwenye CPA, mwenye digrii ya uhasibu haanzii ngazi ya awali.

Mkaguzi_Kabwe: CPA. Huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu nchi hii bila kusajiliwa na NBAA, hata uwe na MBA mbili. Mitihani ni Mei na Novemba, ukikosa huu unajipanga kwa ule.

Binti_Tukuyu: Mimi nilisoma MBA ya jioni, chuo sikitaji. Darasani nilifurahia mno, kupanga bei na kusimamia watu nilijifunzia pale. Shida ilianza kwenye tasnifu. Msimamizi wangu alihama, sura tatu zangu zikakaa mezani kwake miezi saba. Nikitoka kazini Uyole napanda daladala hadi mjini, nakuta mlango umefungwa na karatasi ileile, "Rudi Jumatatu", wino umeshapauka. Nimehitimu mwaka wa nne. Nafasi niliyoisubiri kazini alishapewa mwenzangu mwenye CPA. Kabla hujalipa ada, uliza nani atakusimamia.

Mkaguzi_Kabwe: Pole sana dada.

Wa_Njombe: Mbona CFA hamjaitaja? Ngazi tatu, unajisomea mwenyewe nyumbani.

Mama_Ipogolo: CFA ni ya uchambuzi wa uwekezaji. Huku kwetu kazi ziko SACCOS, halmashauri na matawi ya benki.

Wa_Njombe: Kwani atakaa Mbeya milele? Halafu ningekuwa mimi, nusu ya hela ningepanda parachichi.

Binti_Tukuyu: Parachichi la Hass unasubiri miaka mitatu hivi ndipo uvune. Ana ardhi?

Wa_Njombe: Anakodi. Rungwe watu wanakodisha.

Binti_Tukuyu: Mti wa miaka mingi kwenye shamba la kukodi? Mwenye shamba akibadilika, utang'oa?

Soweto_Mbeya: Samahani, nilikuwa safarini. Digrii yangu ni ya maendeleo ya jamii. Niko SACCOS mwaka wa nne, mikopo yote naipitisha mimi.

Mama_Ipogolo: Mwanangu, hilo ndilo ungeanza nalo! Kwenye CPA utaanzia chini kabisa. Unataka kuwa mhasibu au meneja?

Mkaguzi_Kabwe: Hata akianzia chini, bado nasema CPA.

Wa_Njombe: Binti_Tukuyu, miche ya kuunganishwa mnanunulia wapi huko?