Taa inawaka juu ya upara wa mtathmini, na yeye anaandika kwamba haikuwaka

Fundi wa Tabata (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa bado kwenye daladala na mikono inatetemeka. Kile kituo mnakijua. Sina haja ya kukitaja, kwa sababu kila fundi aliyewahi kupeleka kijana kupimwa umahiri wa ufundi umeme anaujua ule mwembe wa nje, lile benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na yule mtathmini mwenye kalamu tatu mfukoni, anayetembea kana kwamba anakwenda kutia saini mkataba wa kuligawa upya bara la Afrika.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, nimekaa naye kazini miaka miwili. Leo amepewa kibanda cha mbao, taa moja ya ngazi yenye swichi mbili, soketi moja na bodi ndogo ya sakiti breka, na saa nne za kumaliza. Amemaliza mapema. Amekaza kila skrubu, na waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, ameuvisha mpira wake wa kijani na njano mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi wengi wa mjini wanaliona kama urembo. Kisha amemwita mtathmini. Mtathmini amebonyeza swichi, kimya. Amebonyeza nyingine, kimya. Amechomoa kalamu ya katikati na kuandika: "Taa haikuwaka."

Binti akamwambia kwa adabu, "Samahani mwalimu, hata feni iliyo juu yako imesimama. Nadhani LUKU imeisha."

Akajibiwa: "Binti, fomu hii haina kisanduku cha LUKU."

Haina kisanduku cha LUKU! Kituo kinachopima mafundi umeme kimeishiwa umeme, na aliyeshindwa ni mtahiniwa!

Mimi huko nje sikujua lolote. Mlinzi akatoka akiuliza nani ana salio kwenye simu, kwa sababu "kuna dharura ndogo ndani". Nikanunua umeme wa shilingi 5,000, pesa yangu mwenyewe, na nikamsomea tarakimu 20 moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma hukumu, na bado alikosea mara mbili. Umeme ukarudi. Taa ya mpwa wangu ikawaka. Iliwaka pale pale, juu ya kichwa cha mtathmini, upara wake uking'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, wakati huo huo akigonga muhuri kwenye karatasi inayosema taa haikuwaka. Binti akamwonyesha kwa kidole. Akaangalia juu. Akaangalia chini. Akasema, "Kalamu imeshatembea."

Nimelipa umeme uliomwangazia mtu apate kuona vizuri wakati anamfelisha mpwa wangu. Naomba mnisaidie kuielewa sentensi hiyo, kwa maana mimi nimeirudia tangu Buguruni na sijaielewa. Taa inawaka. Upara unang'aa. "Taa haikuwaka."

Na wakati anatoka, binti kapewa kikaratasi cha mafunzo ya marudio ya wiki mbili. Mahali: kituo hicho hicho. Mkufunzi: nadhani mmeshamjua kwa kalamu zake.

Mama Wawili wa Kimara

Pole sana mleta uzi. Kijana wangu alipopimwa pale walimpa kipima volti kisicho na betri. Yeye, kama alivyofundishwa, alikijaribu kwanza kwenye chanzo chenye umeme kabla ya kuthibitisha kwamba sakiti imezimwa, akagundua kwamba ni kibovu, akaomba kingine. Wakamwandikia kwamba anapoteza muda. Yaani angeamini kifaa kilichokufa angefaulu, halafu siku ya kwanza kazini tungemzika.

Jini la Ukonga

Mkuu, kumbe wewe ni mfadhili wa kituo. Omba ubao wa shaba ukutani: "Umeme wa chumba hiki umetolewa kwa hisani ya Mjomba."

Nyutro Haikatwi

Nina swali la kitaalamu ambalo naona watu wanalikwepa. Taa ya ngazi inaendeshwa kwa swichi za njia mbili, yaani kila unapobonyeza yoyote kati ya hizo mbili, hali ya taa inageuka. Ikiwa taa ilikuwa imezimwa, akabonyeza swichi moja mara moja na nyingine mara moja, basi mzunguko umerudi kwenye hali ya kuzimika, na umeme uliporudi taa haikupaswa kuwaka. Ama mleta uzi anatia chumvi, ama binti alikosea kuunganisha na mtathmini ana haki.

Fundi wa Tabata (mleta uzi)

Alibonyeza mara tatu! Ya tatu alibonyeza kwa hasira, akirudia swichi ya kwanza. Nimeandika nikiwa kwenye daladala, sikujua kwamba na humu kuna mtathmini. Taa iliwaka, ndugu yangu. Juu ya upara.

Mzee wa Mega

Tuache swichi. Kosa kubwa ni kupima fundi kwa taa kuwaka. Taa huwaka hata kama swichi imewekwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laini (waya unaouleta), na siku mama mwenye nyumba akizima ili abadilishe balbu, atakutana na volti 230 ndani ya holda. Mtathmini anayejua kazi yake angeshukuru umeme ulipokatika, kwa sababu vipimo vya maana hufanywa sakiti ikiwa haina umeme: angepima mwendelezo wa ethi, angehakikisha swichi zote zimekata laini, kisha angechukua mega ya volti 500, kile kipimo cha insulesheni, akapima kama ganda la nyaya halivujishi umeme, na usomaji ukiwa chini ya megaomu 1 ndipo angekuwa na la kuandika. Mega hutumia betri zake yenyewe na haihitaji LUKU ya mtu. Umeme ukirudi, ndipo unapima kama breka ya miliampea 30, ile ya kukata umeme unapovuja, inakata kwa wakati. Taa inakuja mwisho kabisa, kama pambo. Sisi tuliofanya majaribio ya daraja la tatu, la pili na la kwanza tuliyajua haya, ingawa nakiri kwamba la pili mimi nililirudia.

Jini la Ukonga

Mzee ulirudia kwa sababu taa haikuwaka?

Mzee wa Mega

Nililirudia kwa sababu ya paipu ya kupitishia nyaya. Nilipinda kona moja ikawa kama shingo ya bata. Usibadilishe mada.

Msukuma wa Birmingham

Huku Uingereza jaribio la aina hii linaitwa AM2 na huchukua zaidi ya siku mbili. Vibanda na kazi vinafanana katika kila kituo, anayekupima siye aliyekufundisha, hitilafu hupandikizwa makusudi ili uzitafute, na ukishindwa sehemu moja unarudia hiyo tu. Hata hivyo na mimi nina uchungu wangu, maana nilifelishwa kwa

Jini la Ukonga

Kila uzi lazima atokee mtu wa Birmingham.

Msukuma wa Birmingham

kwa skrubu moja, nilikuwa namalizia. Skrubu moja ya nyutro kwenye soketi! Mtathmini aliuvuta waya kwa vidole viwili, ukatoka kama jino la maziwa. Nimelipa nauli ya treni mara mbili.

Nyutro Haikatwi

Skrubu iliyolegea huunguza nyumba. Ulistahili.

Karani Mstaafu

Nimewahi kufanya kazi katika kituo cha namna hii, si hicho, na naomba niwatetee kidogo. Kila mtahiniwa akiondoka, kibanda hubomolewa chote, nyaya zilizokatwa hazirudi, swichi zilizofunguliwa mara kumi huchoka nyuzi za skrubu, na ada haitoshi. Ndiyo maana vituo hujiongezea madarasa. Hapo ndipo uhuru wa mtathmini unapokufa. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17024, toleo la 2012, hakiruhusu chombo kinachotoa vyeti hata kudokeza kwamba ukisoma kwake utafaulu kwa urahisi zaidi. Sasa kikaratasi kilichotolewa pamoja na matokeo ya kufeli kinadokeza nini? Mleta uzi, umekata rufaa kwa maandishi?

Fundi wa Tabata (mleta uzi)

Nimeomba fomu ya rufaa. Wameniambia anayezigawa ni yule yule mwenye kalamu, na leo ameshaondoka.

Bibi Pasi

Mimi si fundi, ila mmetaja LUKU. Kwetu tuko wapangaji sita kwenye mita moja, tunachanga sawa, na mmoja anapika maharage kwa jiko la umeme kuanzia magharibi. Je, kuna kituo cha kumpima huyo?

Mama Wawili wa Kimara

Afadhali maharage. Wa kwetu ana friji mbili, anauza barafu mtaa mzima, na siku ya kuchanga anasema alikuwa safarini Morogoro.

Nyutro Haikatwi

Suluhisho ni kufunga mita ndogo kwa kila chumba, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kugharimia.

Bibi Pasi

Mwenye nyumba ndiye mwenye jiko.

Fundi wa Tabata (mleta uzi)

Jamani, mpwa wangu anauliza kama kuna mtu anayejua wanakopokea rufaa. Bila cheti hicho hawezi hata kuanza kuomba leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Jini la Ukonga

Mjomba, ile 5,000 imebaki yuniti ngapi?